Nusu Nyeupe

"Sindano ya homoni mwanangu hachomwi," alisema Makame, akasimama mlangoni mwa maabara. "Mungu akitaka akue, atakua."

Mkewe, Nasra, alimsogezea kisahani chenye buu la nzi lililofungwa unywele katikati. Nusu ya mbele ilikuwa imeshakuwa ngumu na ya kahawia, tayari kugeuka nzi. Ya nyuma ilibaki nyeupe, laini.

"Limeoza?"

"Li hai, Baba Raya. Jeni zake ni zile zile, mbele na nyuma. Ila homoni inatokea upande wa kichwani, na hapa nimeizuia."

Akamwinamisha kwenye hadubini. Ndani ya tezi ya buu jingine, kromosomu ilionekana kama kamba yenye mistari. Nasra akadondosha tone la homoni.

"Usiinue kichwa."

Makame alisubiri mpaka shingo ikamuuma. Polepole, mstari mmoja ukavimba, ukafumuka kama tumba la pamba.

"Hiyo ni jeni inaamka," Nasra alisema. "Ilikuwepo siku zote. Ilikuwa haijaambiwa tu."

Nje, Raya alikuwa akiruka kamba na watoto wa darasa la kwanza. Wasichana wa rika lake walishalingana urefu na mama zao; yeye gauni la Idd ya zamani bado lilimtosha.

Makame alikirudia kisahani. "Unywele huu wa nani?"

"Wa Raya."

Makame alichukua kibanio, akakishika kifundo cha unywele, na taratibu, asije akalitoboa buu, akaanza kukifungua.