Katogo ya Nabbosa

Mwalimu Kiggundu alimimina bakuli zima la chumvi kwenye sufuria. Darasa la nne likaangua kicheko, Ssebuliba akaanguka pamoja na dawati lake.

“Mmeandika ‘tia chumvi’,” mwalimu alisema, uso mkavu. “Nimetia.”

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya somo la kuandika maelekezo. Sharti lilikuwa moja: watoto waandike namna ya kupika, mwalimu afuate neno kwa neno. Chakula kikilika, darasa zima linakula. Wiki ya pili waliandika kila kitu wakasahau maji. Ndizi zikaungua, moshi ukamtoa mwalimu mkuu ofisini. Jamani, raha iliyoje! Ila walirudi nyumbani na njaa zao.

Wiki ya tatu ikawa zamu ya Nabbosa, naye aliapa kumshinda mwalimu.

“Wewe? Labda ale karatasi yako,” Ssebuliba alimchokoza.

“Subiri uone. Safari hii hatapata pa kukosea.”

Aliandika hatua thelathini na moja za katogo, ndizi na njugu zikipikwa sufuria moja. Menya ndizi, maganda usiyatie. Mimina maji vikombe vitatu. Chumvi kijiko kimoja, kile kidogo, Mwalimu, kidogo!

Mwalimu alifuata, kidole kwenye mstari. Kidole chenyewe kilikuwa kimefungwa kitambaa. Alipofika kwenye kumenya alishika kisu kama anashika kalamu, watoto wakacheka hadi machozi.

“Ssalongo, unajua kuigiza wewe!” walipiga kelele. Jina hilo la baba wa pacha alikuwa amelipata mwezi uleule, nao walipenda kulitamka.

Akaonja. Nabbosa akafumba macho. Mwalimu akaonja tena. Na tena.

“Mwalimu, tuachie na sisi!”

Weee! Nabbosa alibebwa juujuu, Ssebuliba akilamba mwiko. Mwalimu aliikunja ile karatasi polepole akaitia mfukoni.

Jumamosi, mama yake Nabbosa alimpa sabuni za pacha. “Mpelekee mke wa mwalimu, bado yuko kitandani. Mama yake mzazi naye, kwa mila zetu, atakanyagaje kwa mkwewe? Maskini, sijui anahudumiwa na nani.”

Nabbosa alipitia uani. Jikoni, karatasi yake ilikuwa imebandikwa ukutani, imeshajaa masizi. Mwalimu alikuwa amesimama peke yake mbele ya karatasi hiyo, jasho likimtiririka, kidole kwenye mstari.

“Hatua ya kumi na mbili,” alisoma. “Kijiko kidogo.”

Nabbosa alinyata hadi chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwamkia mama huyo na kujitaja jina. Mke wa mwalimu akamshika mkono kwa nguvu.

“Ni wewe uliyemwambia atie maji? Mungu akubariki, mwanangu. Tumebakiwa na sufuria moja.”