Koti Linalojua Kuita

Pyo alilala chali sakafuni kwa mara ya nane asubuhi ile, akafumba macho, akafa.

"Umekufa vibaya, mzee," mhandisi Noh alisema bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Mtu akifa hajipangi miguu. Anguka ovyo."

"Na bitana ya ndani usiikunje," alidakia Bi Yeon, mbunifu wa mavazi aliyeletwa kutoka Seoul. "Koti hilo linapanda jukwaani Jumamosi."

Pyo akainuka, akajikung'uta, akaanguka ovyo. Safari hii taa ndogo kwenye mkono wa koti ikaacha ukijani, ikawa ya chungwa. Noh akajipiga paja.

"Ishara imefika."

"Imefika wapi?"

"Panapohusika, mzee."

Ilikuwa hivyo mwezi mzima sasa katika kiwanda kile cha nguo, mjini Daegu. Bi Yeon anataka koti jepesi la kazini lishuke begani kama maji, Noh anataka nafasi ya waya. Wanabishana, wanapatana, na wa kufumua na kushona upya ni Pyo. Nyaya zilikuwa nyembamba kama nywele, na mle ndani hakuna mwingine aliyeweza kuzishonea kwenye bitana bila kuzikata. Koti lilihisi mapigo ya moyo. Aliyelivaa akianguka, au moyo ukisuasua, linaita lenyewe.

Pyo hakuhitaji kuelezwa faida yake. Mkewe, Okbun, aliangukia cherehani katika ukumbi wa kushonea wa kiwanda hichohicho. Kelele za mashine zikammeza, na meneja Kwak alipopita akadhani amesinzia. Barua ya onyo la kulala kazini ilifika nyumbani siku ya tatu baada ya maziko. Karatasi za wakubwa hazina matanga.

Ndiyo maana alishona. Hilo jukwaa la maonyesho la Seoul lilikuwa la Bi Yeon na Noh. Yeye alitaka makoti arobaini yawe miilini mwa watu arobaini wa ukumbi ule kabla ya joto la Agosti, asianguke mwingine akaandikiwa barua.

Siku moja Noh alimuuliza, "Ile siku ya mkeo, ulipita muda gani kabla mtu hajafika?"

Kabla Pyo hajafungua kinywa, meneja Kwak akajibu, "Dakika arobaini na moja."

Pyo akamtazama. Gari la wagonjwa lilichukua zaidi ya saa nzima kufika. Ni yeye aliyekaa chini na kichwa cha Okbun mapajani, si Kwak. Mtu aliyeshindwa kutofautisha kifo na usingizi, saa ataisomaje?

Halafu Bi Yeon akataka kila koti lijue mvaaji wake ni fundi wa nini: wa kola, wa zipu au wa pindo.

"Zipu daktari ataifanyia nini?" Pyo aliuliza.

Bi Yeon akacheka, akamletea kahawa kwenye kikombe cha karatasi. "Baba, wewe shona tu. Mikono yako haina mfano."

Onyesho likapita. Waliopanda jukwaani kupigiwa makofi walikuwa Bi Yeon na Noh, na Kwak katikati yao kana kwamba amewahi kushika sindano. Jumatatu makoti yakagawiwa ukumbini.

Malsuk, jirani yake Pyo kwenye mashine, mwanamke wa miaka sitini na mbili, akajigeuzageuza mbele ya kioo cha dirisha.

"Kaka Pyo, nimekuwa binti wa mjini. Nikipata mchumba usilie."

"Kwa umri huo mchumba atakuwa kipofu."

"Afadhali. Kipofu hatanitafutia kasoro kama wewe."

Alhamisi joto lilipanda tangu asubuhi. Baada ya tambi baridi za mchana, Malsuk akaacha kushona. Akainama taratibu kama anayetafuta kifungo chini, akateleza kitini, akaanguka. Taa ya mkononi ikawa ya chungwa.

Binti mpiga pasi akaanza kukimbilia getini. Simu zao zote zilifungiwa huko kwa mlinzi kila asubuhi tangu kazi ya makoti ianze, eti wasipige picha za siri za kampuni. Ni mbali, unavuka viwanja viwili vya kiwanda.

Pyo akamdaka mkono. "Usiende. Koti limeshaita."

"Una hakika, mjomba?"

"Nimelishona mwenyewe. Nimeanguka nalo mara mia, halijakosea hata moja. Rudi hapa umpepee, mikono yangu haitoshi."

Binti akarudi. Wakamlegeza Malsuk vifungo, wakamlowesha uso. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Waliomzunguka wakataka kumbeba, Pyo akawakataza, wasije wakapishana na wanaokuja. Akahesabu dakika kwa sauti ili watu wasiingiwe na hofu. Moja. Mbili. Tatu.

Ya nne ilikuwa haijaisha aliposikia viatu vikikimbia kwenye korido. Akafumba macho. Tangu amzike Okbun hakuwahi kumshukuru mkubwa yeyote, na sasa akawashukuru wote, hata Kwak.

Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke mgeni anahema, koti la aina ileile mwilini, mkasi unaning'inia shingoni kwa kamba. Akainama kuwasalimu.

"Samahanini, nimeitwa sasa hivi," alisema. "Cherehani iliyobaki bila mtu ni ipi?"