Wanja Bila Kioo

Daktari alimwambia Hidaya kwamba macho yake yatapoteza nuru kidogo kidogo, na kwamba dawa hakuna. "Lakini bado naona," Hidaya aliwahakikishia wote nyumbani. Hata hivyo aliamua kujifunza kujipamba mapema, kwa kupapasa tu. Maishani mwake hakuwahi kujipaka wanja.

"Kiwiko kiweke mezani, mkono usielee," mdogo wake, Sikudhani, alimwelekeza. "Chora vipande vidogo vidogo. Poda ni ya mwisho."

"Na nikikosea?"

"Utafanana na bundi, dada. Wateja watalikimbia duka lako."

Hidaya alicheka, akaishika kalamu ya wanja. "Bora bundi. Sitaki kupakwa na watu kama maiti."

Sikudhani alikifunika kioo kwa kanga. Hidaya akapapasa ukingo wa kope kwa kidole, akaweka kalamu hapohapo, akavuta. Mstari ulitoka mnene, ukapinda kidogo mwishoni.

"Safi kabisa!" Sikudhani akaiondoa kanga taratibu ili dada yake ajionee mwenyewe, akasubiri kelele za furaha. Dirisha lilikuwa wazi na jua la mchana limejaa chumbani.

Hidaya alikuwa amekikabili kioo, macho yote mawili wazi. Akapapasa jicho la pili, akalichora polepole mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Haya, toa hiyo kanga nijione."

Sikudhani aliikunja kanga mapajani, kisha akaikunja tena.