Hapa ni Kwenu

Siku ya kumi na mbili ya kukaa na wageni, Mashavu alikuwa amechoka hata kuitikia salamu. Mashua yake ya tanga, iliyofungwa gatini huko Ureno, ilikuwa na vitanda viwili na choo cha kusukuma kwa mkono, na shoga yake Mwanahija na mumewe walikuwa bado hawajaelewa kwamba maji ya tangi huisha.

Siku hizo hati za karatasi za umiliki zilikwisha kufutwa. Chombo kilikuwa cha yeyote ambaye mwenye chombo alimtamkia kwamba ni chake, na chombo chenyewe kilisikia na kuandika.

Asubuhi hiyo Mwanahija alisimama kwenye ngazi, taulo begani. "Shoga, tunakusumbua. Bora tutafute hoteli."

Mashavu alitamani kusema ndiyo. Lakini alikuwa amelelewa Pangani, na mdomo ukamtangulia. "Wee! Hoteli ya nini? Hapa ni kwenu. Kaeni mpaka mchoke wenyewe."

"Haya basi, tumekubali," Mwanahija akacheka, akaingia bafuni. Maji yakamwagika, yakamwagika.

Mashavu akateremka jikoni kuinjika chai. Jiko likakataa kuwaka. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa hasira. Ndipo mashua ikamsemesha, kwa sauti ile ile aliyoizoea miaka tisa, ila sasa ilikuwa na adabu ya kumsemesha mtu usiyemjua.

"Karibu, mgeni. Mwenyeji anaoga. Utakaa siku ngapi?"