Barua Isiyoazimwa

Haya, tegueni: kinasomwa na watu mia kwa pamoja, lakini hata jirani haruhusiwi kukiazima. Ni nini?

Ni barua ya mama yake Bi Tunu, aliyowaandikia walezi alipomwacha binti yake akiwa mchanga. Imetunzwa kwenye kompyuta za maktaba ya ng'ambo ya mto. Miguu ilikwisha kumgomea safari, basi Bi Tunu akapiga simu.

"Mkataba wetu na waliotuuzia nakala hii hauniruhusu kuituma kwa maktaba ya kwenu, bibi," alisema mkutubi Shegele. "Wala kuichapa."

"Karatasi ya nini, baba, na macho yenyewe haya? Niambie tu, alinitaja?"

 Bi Tunu akasikia kiti kikivutwa karibu.

"'Tunu akilia,'" Shegele akasoma polepole, "'msikimbilie maziwa. Mwimbieni kwanza.'"