Kikohozi cha Ubeti wa Tatu

Tulipoingia ubeti wa tatu, kwaya nzima ilikohoa: soprano mara mbili, besi mara moja.

Mwalimu wetu, Mama Paskazia, alisema ndivyo bibi yake alivyofundishwa wimbo huo na mmisionari kule Bukoba, na wimbo mtakatifu haupunguzwi. Mimi nilikohoa kwa unyenyekevu mkubwa, mpaka miwani ikadondoka.

Mchungaji Mjerumani, aliyekuwa akichagua kwaya ya Krismasi ya hapa Dubai, alitusimamisha. Tukikosa nafasi hiyo, tungerudi kuimba chumbani kwetu, mtaa wa Karama, jirani akigonga ukuta.

Mchungaji alitoka mbio, akarudi na trei ya glasi za maji.

Mama Paskazia alitugeukia, machozi yakimlengalenga.

"Mnaona, wanangu? Kumbe bibi alisahau sehemu ya maji! Haya, kunyweni. Soprano kwanza."