Mgeni wa Kabla ya Kura

Kifuniko cha sufuria kiligonga jikoni, kungali giza. Tunu hakushtuka, alijua ni mgeni wao wa lazima. Sheria ilitaka kila chama cha utetezi kimlaze na kumlisha mpinzani wake wiki nzima kabla ya kura, na chama cha akina Tunu, kilichokataa watoto kulelewa na mashine, kilimleta kwake Bwana Haji, mtetezi wa mashine hizo.

Alimkuta akikoroga uji wa Mize, binti mdogo wa Tunu.

“Unatupikia ili tukupe kura?”

“Sheria inasema nisikilizwe, dada. Haikusema nife njaa.”

Tunu alicheka, kisha akajuta kucheka. Kura ilikuwa leo. Mashine zikishinda, Mize naye angelazimika kulelewa nazo kutwa, kama Salha wa jirani anayelelewa nayo tayari, na yeye Tunu angebaki mama wa jina tu.

“Wenzangu walitaka tukulishe bila kukusikiliza. Mimi nikakataa. Mwenye haki haogopi kusikia.”

“Basi tumsikie na anayelelewa.”

Tunu alimpakata binti yake, moyo umetulia. “Haya, mwanangu, mwambie mjomba. Unataka nani akulee?”

Mize alipuliza uji wake, akafikiri.

“Mashine ya kina Salha haigombi, mama.”